Kura Mbalimbali, Meza Moja



Mwaka 1988 tulipigishwa kura ya mlolongo: kila mtu nyuma ya mgombea wake, mbele ya macho ya wote. Tangu 1986 Baraza la Makanisa, NCCK, lilikuwa limeipinga njia hiyo. Mchungaji angesimamaje upande mmoja bila kuligawa kundi lake? Baadhi ya makanisa yalichukizwa, yakajitoa katika Baraza.

Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, vyama vingi vikaruhusiwa. Sheria ikatupa haki ya kutofautiana; haikutupa upendo, kwani upendo hautungwi Bungeni. Sisi wapenda mageuzi nasi tuliwaita wasaliti waumini wenzetu waliobaki upande wa serikali. Tulikosa.

Hatusemi dhuluma inyamaziwe kwa kisingizio cha amani. Kweli na isemwe, tena waziwazi. Lakini mawakili hushindana vikali mahakamani, kisha hupeana mikono mlangoni. Je, wanaoumega mkate mmoja watashindwa? Tuipinge hoja, tusimfukuze mwenye hoja. Aliyempigia kura mpinzani wetu tumpishe kwenye benchi Jumapili. Naye akifiwa, twende matangani.

Tusipofanya hivyo, tutakuwa tumebadili watawala, si mioyo.