Habari za Intaneti ya Jirani


Mmetutaka tueleze kama chama chaweza kuwapatia jirani wa Kitengela intaneti kwa fedha kidogo. Chaweza, ila si kwa kununua laini moja ya nyumbani na kuwauzia watu kimya kimya. Tangu mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano imeweka leseni ya mitandao ya jamii, kwa vyama visivyotafuta faida kama hiki. Hiyo ndiyo ya kwanza.

Kule Kibera, Tunapanda Institute imeunganisha shule na vituo kwa redio zilizofungwa juu ya mapaa. Redio hizo sharti zionane. Mawimbi ya gigahezi 5 hayapenyi vyema ukuta wa mawe, na hapa kwetu (nani asiyeona?) maghorofa yazidi kuinuka kati ya paa na paa. Basi tutafute kwanza paa refu ambalo mwenye nyumba atatukubalia kwa maandishi; redio zaweza kungoja. Wenzetu wa Kajiado mjini watahitaji mtambo wao, kwani baina yetu iko Isinya na nyika ndefu.

Gharama itakayotuelemea ni ya kila mwezi: laini, umeme, fundi. Twaomba kila nyumba iweke ahadi ya mwaka mzima kabla Mtunza Fedha hajatoa hata shilingi moja.