Kipimo cha Baruti

Huko Marekani wapo wawindaji ambao hawanunui risasi dukani. Huokota maganda waliyokwisha kuyapiga, wakayasafisha, wakayatia fataki mpya, baruti na kichwa. Ni kazi ya mezani, tena halali. Lakini bunduki ikipasuka, kilicho karibu nayo ni jicho la mpigaji.

Je, aanze na baruti kiasi gani? Wengine humwuliza rafiki, naye hutoa namba kutoka kichwani. Hapo ndipo hatari ilipo. Baruti hiyo hupimwa kwa greni, na greni 7,000 ndizo ratili moja. Kosa la greni mbili tatu jicho halilioni. Tena zipo IMR 4350 na H4350, namba ni ile ile, lakini ni baruti mbili tofauti, kila moja na jedwali lake.

Mwangalifu hufungua kitabu kipya cha mtengenezaji, akaanza na kipimo cha chini. Kikiandikwa cha juu tu, desturi ni kupunguza asilimia 10. Kisha hupanda kidogo kidogo akikagua maganda. Fataki ikiwa bapa kupita kawaida, au bolti ikiwa nzito kufungua, husimama. Akibadili ganda, fataki au kichwa, hurudi chini.

Desturi hiyo nayo haifai kwa kila baruti. H110, kwa mfano, watengenezaji wake huonya isipunguzwe zaidi ya asilimia 3. Ikipunguzwa mno huenda isiwake sawasawa, na risasi inaweza kukwama mtutuni, bila mpigaji kujua, naye akaweka ya pili.