Historia ya Mdandu Ikae Mdandu

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wazee, walimu na vijana wa Mdandu. Tunayachapa kwa kuwa yanafaa hata kwa watu wa kata nyingine.)



Nimeombwa niseme juu ya maktaba na makumbusho. Wako watakaouliza, makumbusho yanaliwa? Hayaliwi. Lakini kesi ya shamba ikifika barazani, nani alifyeka pori lile na mwaka gani, twamtafuta mzee mmoja aliyebaki. Akiisha kufa yeye, twabaki na ubishi.

Habari zetu zimeandikwa, tena nyingi. Ziko wapi? Majalada ya Bwana DC wa Njombe yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Barua za wamisionari wa Kijerumani ziko Berlin. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walizunguka kuwauliza wazee habari za Maji Maji, na Ubena walifika. Mwaka 2005 Profesa James Giblin alitoa kitabu kizima juu ya jamaa za Njombe. Nawashukuru wote. Lakini mjukuu wa mzee aliyeulizwa akitaka kusoma maneno ya babu yake, hana budi apate nauli ya basi mpaka Dar es Salaam, kisha ajue Kiingereza! Babu alisema kwa lugha yake, mjukuu anayasoma kwa lugha ya mtawala wa zamani. Hilo si haki.

Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa Tanganyika mwaka 1963, na Maktaba Kuu ikafunguliwa Desemba 1967. Miaka ya 1970 zikaja maktaba za vijijini pamoja na kisomo cha watu wazima, nyingi zilikufa. Zilikuwa za kungoja vitabu kutoka juu. Mimi naomba rafu inayoanzia hapa: nakala za yale majalada, maandishi ya mwaka 1968 yakiwa yamegeuzwa Kiswahili, na daftari za maneno ya wazee wa leo kwa Kibena na Kiswahili.

Sasa vitu. Msidhani makumbusho ni mikuki na ngao tu. Mwaka 1954 Gavana Twining alirudisha fuvu la Mtwa Mkwawa pale Kalenga, na watu huenda kuliona hata leo. Jambo kubwa sana. Lakini Ubena una historia nyingine isiyokuwa na fuvu wala panga: historia ya manamba. Wanaume wetu walikwenda Tanga kukata mkonge kwa mkataba. Kipande cha kazi, blanketi, sanduku la bati, barua iliyotoka kambini: hivyo ndivyo vitu vyetu. Na jembe la mama aliyebaki analima peke yake na kulea watoto nalitaka liwekwe pembeni mwa kile kipande, si nyuma yake. Bila jembe hilo mshahara wa mkonge usingelisha nyumba.

Niguse jambo linaloogopwa. Mwaka 1905 Mbeyela wa Njombe alipigana na Wajerumani, na Septemba ile misheni ya Yakobi ilishambuliwa. Kiwanga, Mbena mwenzake wa Ulanga, alisimama upande wa Wajerumani. Halafu chakula kikachomwa, njaa ikaua watu kupita risasi. Nasikia watu wakisema tuonyeshe mashujaa tu, tusiaibishe koo za watu. Sikubali. Mtawala aliandika ya upande wake. Sisi tukificha nusu, twamwiga. Tuandike yote mawili, na tueleze kila mmoja aliogopa nini. Watoto hawarithi kesi za babu zao.

Wengi mnaogopa kwamba kitu kikitoka nyumbani hakirudi, na mna sababu. Kwa hiyo kitu kisipokelewe bila kuandikwa daftarini: cha nani, kimetoka kijiji gani, kilitumikaje, kimeazimwa au kimetolewa kabisa. Mwenyewe apewe hati, na akikitaka siku ya arusi au msiba akichukue. Ufunguo usikae kwa mtu mmoja. Chumba kimoja cha shule chatosha kwa kuanzia, mradi rafu zisigusane na ukuta, maana mchwa na unyevu wa baridi yetu hula karatasi upesi kuliko panya.

Vijana wenye simu waanze na wazee waliozidi miaka themanini, wanawake kwanza, kwa sababu wao hawakuulizwa sana. Wasiwakatize. Na ninyi wenye vitu nyumbani, msivisugue chuma kwa mchanga ili ving'ae, wala msibandike karatasi iliyochanika kwa gundi. Vileteni kama vilivyo.