Mdudu Anayekula Dumuzi

(Mazungumzo na wanakisomo, Mwamapalala)



Leo tuzungumze juu ya akiba yetu ya mahindi. Tumelima kwa jasho, tumevuna, tumejaza kihenge. Baada ya miezi michache tunafungua, lo! Tunakuta unga na magunzi yaliyotoboka. Mwizi huyo ni dumuzi, ambaye wengi wetu tunamwita Skania.

Dumuzi si mwenyeji. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Hapa nchini alionekana kwanza mkoani Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970. Anatoboa mahindi, makopa ya muhogo, hata miti ya kihenge. Asipozuiwa, anaweza kumaliza theluthi moja ya akiba.

Wataalamu walijiuliza: huko kwao nani anampunguza? Wakamkuta mdudu mwingine, mdogo na mweusi. Huyu hufuata harufu ya dumuzi, akala mayai na watoto wake. Wakamchunguza kwanza, ndipo wakamwachia Togo mwaka 1991, Kenya mwaka 1992, na baadaye nchi nyingine, Tanzania ikiwemo.

Je, tukae tukimngoja rafiki huyu? Hapana. Yeye huzaana polepole kuliko dumuzi. Anasaidia zaidi porini, kwenye miti mikavu, kupunguza dumuzi wanaoruka kuja kwetu. Ndani ya kihenge, walinzi ni sisi wenyewe.

Basi tufanye hivi:

Kwanza, tukaushe mahindi vizuri juani.

Pili, tufagie kihenge na kuchoma mabaki. Mahindi mapya tusiyachanganye na ya zamani.

Tatu, tupukuchue mapema. Dumuzi hustawi zaidi kwenye mahindi yaliyo bado katika gunzi, maana hapo anapata pa kujishikiza anapotoboa.

Nne, tuchanganye mahindi na dawa ya unga ya ghalani, kwa kipimo kilichoandikwa. Dawa ya pamba tusiitie katika chakula kamwe! Hiyo ni sumu, inaua watu.

Asiyetaka dawa atumie mifuko ya kinga njaa. Aifunge barabara, hewa isiingie. Wadudu watakosa pumzi, watakufa.

Ndugu zetu, zamani tulimwuliza mwenye duka, "Hii inasemaje?" Siku hizi tunajua kusoma. Tusome pakiti wenyewe kabla ya kutoa pesa. Chakula cha watoto wetu hadi mavuno yajayo kimo ndani ya kihenge kile.