MACHO MEKUNDU YA WAZEE SI USHAHIDI WA UCHAWI

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi, Bariadi)




Nazungumza juu ya jambo linalogusa uhai wa wazee wetu. Katika Usukuma, tangu Bariadi ilipokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, wapo vikongwe, hasa wanawake, waliouawa kwa kushukiwa uchawi. Mara nyingi "ushahidi" uliotajwa ulikuwa macho mekundu.

Hebu tulitazame jicho lenyewe. Machozi si maji matupu. Juu yake hutanda utando mwembamba wa mafuta unaoyazuia yasikauke upesi. Mafuta hayo hutoka katika tezi ndogo zilizomo ndani ya kope, ambazo tabibu Mjerumani Heinrich Meibom alizieleza mwaka 1666. Mtu azeekapo, tezi hizo hudhoofu. Mafuta yake huwa mazito mithili ya samli iliyoganda, yakaziba vitundu vyake. Hapo machozi hukauka, kope huvimba, na jicho huwasha na kuwa jekundu. Bibi aliyepika miaka 50 kwa kuni, mabua ya pamba au kinyesi kikavu cha ng'ombe, katika jiko lisilo na pa kutolea moshi, huzidi kuumia.

Matunzo yake ni mepesi. Kitambaa safi kilicholowekwa katika maji ya vuguvugu kiwekwe juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni, ili mafuta yalainike; kisha kope zikandwe taratibu kuelekea ukingoni na kusafishwa. Jiko litolewe moshi. Lakini wekundu huletwa pia na maradhi mengine, kama trakoma. Hivyo mwenye maumivu makali au anayepungukiwa na uoni afikishwe hospitali bila kuchelewa, wala asitiwe dawa za kienyeji machoni.

Ndugu zangu, Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928, na kumtangazia mwenzako uchawi ni kosa. Kumwua ni mauaji, basi. Nawaomba watendaji wa kata na vijiji walieleze jambo hili katika kila mkutano wa hadhara. Anayeona macho ya bibi yake yamekuwa mekundu ampeleke zahanati, asimpeleke kwa mpiga ramli.