Kuufunika Mchanga wa Migodi

Somo letu la leo lahusu mchanga unaobaki baada ya madini kuondolewa.

Tutazame Richards Bay, pwani ya mashariki ya Afrika Kusini. Huko vilima vya mchanga vilianza kuchimbwa mwaka 1977, kwa ajili ya ilmenaiti, rutili na zirkoni. Madini hayo ni mazito. Mchanga ukioshwa kwa maji, hutengana nao. Sehemu kubwa mno ya kilima ni mchanga mtupu, nao hurudishwa palepale. Hauna mboji, haushiki maji, na upepo huweza kuupeperusha hadi mashambani. Je, utafunikwaje?

Kwanza, kabla ya kuchimba, udongo wa juu huondolewa na kuwekwa kando. Hiyo ndiyo akiba ya kazi yote, kwa maana ndani yake zimelala mbegu za mimea ya mahali pale.

Pili, mchanga hurudishiwa umbo la kilima, kisha udongo ule hutandazwa juu yake. Haufai kulimbikwa muda mrefu, kwani mbegu nyingi hufa.

Tatu, husimamishwa uzio wa kitambaa kukinga upepo, na hupandwa mimea iotayo upesi, kama mtama na jamii ya marejea. Hiyo ni yaya tu: hukinga miche na jua, kisha hufa.

Nne, migunga ya asili huota yenyewe, na mizizi yake huongeza naitrojeni udongoni. Chini ya kivuli chake, ndege na tumbili huleta mbegu za miti mingine.

Lakini tusidanganyike. Hata baada ya miaka mingi, msitu mpya haulingani na ule wa zamani. Na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilipandwa mivinje, ambayo si miti ya huko.

Jambo hili latuhusu. Kwale, nchini Kenya, mchanga wa namna hiyo ulichimbwa tangu 2013 hadi 2024. Wachimbaji wakija kwenu, msiulize habari za fidia peke yake. Ulizeni pia: udongo wa juu utawekwa wapi, na utarudishwa lini? Ulizeni mapema, kwani udongo ukishafukiwa haurudi.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Kwa nini udongo wa juu ni akiba?
2. Ni miti gani ya asili huota yenyewe penye mchanga kwenu?

Kwa herini.