Kutapika Mara ya Pili

Msikilizaji, mtoto wa miezi saba akitapika hapa Ngao, au Garsen, au kijiji chochote kando ya Mto Tana, mawazo ya watu hukimbilia maji machafu. Si kosa. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 ulifika hata kaunti hii, mafuriko yakafuata mwisho wa 2023 na tena 2024, na malaria haijatuhama. Lakini yuko mtoto mmoja mmoja ambaye maji ya kwao yamechemshwa, kipimo cha malaria hakioni kitu, na bado kila mara hurudishwa hospitalini amelegea, amepauka, macho yameingia ndani. Huyo huenda mwili wake unakataa chakula fulani. Nadai kwamba anaweza kushukiwa mapema kwa swali lisilogharimu hata ndururu: alikula nini, na zilipita saa ngapi kabla hajaanza kutapika?

Mzio tunaoujua ni ule wa midomo kuvimba na vipele kutoka papo hapo. Huu ni mwingine, nadra, na madaktari huuita kwa kifupisho FPIES. Utumbo ndio unaopambana na protini ya chakula. Mtoto hula vizuri, hucheza, kisha baina ya saa moja na saa nne baadaye hutapika mfululizo mpaka tumboni hamna kitu. Wengine huharisha baadaye, na wachache presha hushuka vibaya. Vipele havipo, homa mara nyingi haipo, na vipimo vya kawaida vya mzio kwa kawaida havionyeshi lolote. Hata Marekani na Ulaya watoto hawa wametibiwa tena na tena kama wenye maambukizi, na mwongozo wa kwanza wa kimataifa ulitoka 2017 tu. Sasa sikiliza vyakula vinavyotajwa zaidi: maziwa ya ng'ombe, soya, mchele, na kwa nchi za Mediterania, samaki. Mchele wa mashamba ya Wapokomo, maziwa ya mifugo ya Waorma, samaki wa mtoni: utadhani aliyeandika orodha hiyo alipitia sokoni Garsen.

Mtu atauliza, jina la ugonjwa la nini, na tiba ya kutapika ni kurudisha maji mwilini? Kweli, siku ile haja kubwa ni hiyo hiyo, na mtoto aliyelegea apelekwe hospitali bila kungoja. Tofauti ni wiki ijayo. Aliyeugua kwa maji machafu akipona hupewa uji apate nguvu, na hupata. Huyu mwingine hupewa uji uleule uliomwangusha. Mbaya zaidi ukiwa uji wa mchanganyiko, wenye mchele, soya, njugu na dagaa katika unga mmoja. Kwa watoto wengi ni lishe nzuri, wala sitaki mtu auache kwa sababu yangu. Ila kwa anayetapika hivi, hutajua ni kipi kilichomdhuru. Vyakula vipya vianze kimoja kimoja, kwa siku kadhaa, na saa ziandikwe kwenye kijitabu cha kliniki. Mama asiyejua kuandika ana watoto wa shule nyumbani; wamwandikie.

Pingamizi zito ni la njaa. Katika kaunti yenye ukame, kumwambia mama aondoe maziwa ni kumpokonya mtoto pengine protini pekee aliyonayo. Silikwepi hilo. Ndiyo maana chakula kisiondolewe kwa kutapika mara moja, wala visiondolewe vitano kwa kubahatisha. Kiondolewe kile kinachoshukiwa, kwa ushauri wa daktari na afisa wa lishe, na ziwa la mama liendelee. Maziwa ya mbuzi si mbadala, kwani protini zake zinakaribiana mno na za ng'ombe. Tena maziwa ya tiba ya utapiamlo, na ile pakiti ya njugu wanayopewa watoto waliokonda, vyote vina maziwa ya ng'ombe. Mama asivikatishe peke yake. Lakini mhudumu naye, akiona mtoto kila mara anatapika saa mbili baada ya kuvila, asiharakishe kusema mama hajui kulisha.

Wapo watakaosema ni jicho, ni zongo. Sina ugomvi na dua ya mtu; dua haizuii kuandika saa. Kinachomchosha mzazi zaidi ni majirani, maana kumkatalia mtoto kijiko cha wali kwa watu huonekana kiburi, na bibi akinyimwa kumlisha mjukuu huumia kweli. Hapo kazi ni ya baba: azungumze na mamake mwenyewe, asimtume mkewe.

Wengi wa watoto hawa hupona wakifika miaka mitatu hadi mitano, kwa hiyo itakuja siku ya kujaribu tena. Isiwe nyumbani, jioni, barabara imekatwa na maji. Ngao ina hospitali. Kitanda kimoja asubuhi, dripu ikiwa tayari, mtoto ale wali kidogo mbele ya daktari na aangaliwe kwa saa kadhaa: hilo serikali ya kaunti inaliweza.